Maisha ya Sir Henry Bessemer na Chuma cha Pua

Tukitajiwa watu mashuhuri wa zamani, wengi wetu huwakumbuka wafalme, majemadari na wasafiri. Mimi nimependa kuwaletea habari za mtu ambaye hakutawala nchi wala hakuongoza jeshi, lakini kazi yake twaikanyaga kila siku. Mtu huyo ni Sir Henry Bessemer, Mwingereza. Aliyevuka reli pale Tororo au Malaba, aliyelima kwa jembe la dukani, na aliyeziona nondo za nyumba mpya mjini Busia, wote wameona matunda ya kazi yake. Tena nchi yetu hii ya mpakani ilikuwa nchi ya wahunzi hodari kabla jina lake halijasikika huku. Kwa hiyo nadhani yatupasa sisi kuliko wengine kujua alifanya nini, na ni jambo gani lililomshinda.

Kabla sijaanza, yafaa tuelewane juu ya chuma chenyewe, maana chuma si kitu kimoja. Mawe yenye chuma yakiyeyushwa kwa makaa katika tanuri kubwa, chuma kinachotiririka huwa kimekunywa kaboni ya makaa yale, sehemu 3 au 4 hivi katika kila 100. Hicho ni chuma ghafi. Chaweza kusubiwa katika kalibu kiwe sufuria au nguzo, lakini ukikipiga kwa nyundo huvunjika kama chungu. Kaboni hiyo ikiondolewa karibu yote, hupatikana chuma laini. Hiki hupindika bila kuvunjika, ila makali yake hayadumu. Kati ya hivi viwili kipo chuma cha pua, chenye kaboni chini ya sehemu 2 katika 100, na mara nyingi chini ya 1. Hicho ndicho kilicho kigumu na tena kivumilivu.

Hata chuma cha pua chenyewe hubadilika tabia kwa moto na maji. Nimewatazama mara nyingi mafundi wa huku wanaofua mapanga kwa springi za malori zilizokatika, na fuawe yao ni kipande cha reli. Fundi hupasha chuma mpaka kiwe chekundu, hukifua, kisha hutumbukiza makali yake majini. Kikipoa ghafula hivyo huwa kigumu mno, hata tupa huteleza juu yake, lakini kikianguka juu ya jiwe chaweza kupasuka. Kwa hiyo fundi ajuaye kazi hukipasha tena kwa moto mdogo, akitazama rangi zinazotembea juu ya sehemu aliyoisugua: kwanza manjano kama majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, mwishowe buluu. Kitu cha kukata hukikomesha kwenye manjano. Kitu cha kupigwapigwa hukingojea karibu na buluu. Akitaka kukilainisha kabisa, hukiacha kipoe polepole ndani ya majivu. Chuma ni kile kile na uzito ni ule ule, ila mpango wa chembe zake za ndani umebadilika. Kikiwa chekundu, kaboni huyeyuka na kuenea katikati ya chembe za chuma. Kikizimwa ghafula, kaboni hunaswa humo na kukikaza. Kikipoa polepole, kaboni hupata nafasi ya kujitenga, nacho hulegea.

Wazee wetu walijua mengi ya haya bila kuyaandika. Katika milima ya Samia, ambayo leo imegawanywa na mpaka, upande mmoja Funyula nchini Kenya na upande wa pili Samia-Bugwe nchini Uganda, wahunzi walichimba mawe ya chuma na kuyachoma katika matanuri ya udongo, wakipuliza kwa mivukuto ya ngozi. Chuma chao hakikutiririka. Kilitoka kama bonge lililochanganyika na taka, nao wakalipiga na kulipiga mpaka taka ikatoka. Majembe yao yaliuzwa kwa Wajaluo na mpaka Busoga, tena yalitolewa mahari. Babu yangu ni Msamia, naye analo moja alilorithi kwa baba yake. Ni dogo kuliko jembe la dukani, na limelika pembeni, lakini alama za nyundo zingali zaonekana. Ng'ambo ya Ziwa, Wahaya walijua hata kutengeneza chuma cha pua katika matanuri yao, na mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliwaandikia wasomi wa dunia habari hizo. Lakini kote kazi ilikuwa ile ile: makaa mengi, jasho jingi, na chuma kidogo.

Wala huko Ulaya mambo hayakuwa rahisi. Mnamo mwaka 1850 chuma cha pua cha Uingereza kilipikwa katika vyungu vidogo kwa saa nyingi, na tani moja iliweza kuuzwa kwa paundi 40 na zaidi. Kilitumiwa kwa visu, misumeno na springi za saa. Hakuna aliyefikiri kukitandika chini kiwe njia ya gari la moshi. Hiyo ndiyo dunia aliyoikuta Bessemer.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1813 katika kijiji cha Charlton, wilaya ya Hertfordshire. Baba yake, Anthony, alikuwa fundi aliyewahi kuishi Paris na akaikimbia Ufaransa wakati wa mapinduzi. Hapo Charlton alikuwa na karakana ya kusubu herufi za kupigia chapa. Henry hakusoma shule ndefu. Chuo chake kilikuwa karakana ya baba yake, na humo alijifunza mapema jinsi madini yanavyoyeyuka, yanavyojaa katika kalibu, na yanavyogeuka yakichanganywa. Alipokuwa na miaka 17 jamaa yote ilihamia London.

Jambo la kwanza lililompatia sifa lilimletea na uchungu. Siku zile watu walikuwa wakiiibia serikali kwa kubandua stampu za hati za zamani na kuzitumia tena. Kijana Bessemer akabuni muhuri ambao wadanganyifu wasingeweza kuuiga, na wakubwa wakaahidi kumpa kazi nzuri katika ofisi ya stampu. Mchumba wake Anne akauliza kama haitoshi tu kutia tarehe juu ya stampu. Bessemer akaona kwamba maneno hayo ni ya kweli, akayapeleka kwa wakubwa. Wakaifuata njia ya tarehe, na kwa kuwa ilikuwa rahisi, wakaona hawana haja tena ya kumwajiri. Hakupewa hata senti. Miaka zaidi ya 40 ilipita mpaka serikali ikamkumbuka, ikampa cheo cha Sir mwaka 1879.

Baada ya hapo akawa mwangalifu zaidi. Siku moja dada yake alimwomba ampambe albamu ya picha kwa maandishi ya rangi ya dhahabu. Alipokwenda kununua unga wa rangi hiyo alistaajabu, maana aunsi moja ilikuwa shilingi 7, na unga wenyewe haukuwa dhahabu, bali shaba nyeupe iliyosagwa kwa mkono huko Ujerumani. Bessemer akatengeneza mashine za kuisaga, akazifungia ndani ya nyumba isiyo na madirisha ya kuchungulia, na kuwaajiri ndugu wa mkewe tu. Siri hiyo ilikaa miaka zaidi ya 30, nayo ndiyo iliyompa fedha za kufanyia majaribio yake makubwa.

Vita vya Crimea, vya mwaka 1853 mpaka 1856, ndivyo vilivyomwingiza katika habari za chuma. Alibuni kombora refu linalojizungusha likiruka. Wakubwa wa jeshi la Uingereza hawakulijali, lakini Napoleon wa Tatu wa Ufaransa alipenda lijaribiwe. Ofisa wa Kifaransa aliyeitwa Minié alipolitazama, alitaka kujua kama mizinga ya chuma cha kusubu yaweza kuvumilia kombora zito namna ile bila kupasuka. Bessemer hakuwa na jibu. Akarudi kwao ameazimia kutafuta chuma kilicho bora zaidi, ingawa alikuwa na umri wa miaka 40 na zaidi na hakuwa na elimu kubwa ya kazi hiyo.

Katika majaribio yake aliona vipande vya chuma ghafi vilivyobaki bila kuyeyuka kando ya tanuri. Alipovigusa akakuta ni maganda tu, na maganda yale yamekwisha kuwa chuma laini. Ni upepo uliovipitia na kuiondoa kaboni. Ndipo alipopata wazo lililowafanya wengine wamcheke: kupuliza hewa baridi ndani ya chuma kilichoyeyuka. Mtu yeyote angefikiri kwamba chuma kitapoa na kuganda. Lakini oksijeni ya hewa hushika kaboni na silikoni zilizomo na kuziunguza, na kuungua huko hutoa joto jingi. Badala ya kupoa, chuma huzidi kuwaka, bila kuongezewa hata kipande kimoja cha mkaa.

Alipofanya jaribio hilo kwa wingi mara ya kwanza, chombo kilitulia kwa muda, kisha cheche zikaanza kuruka, na mara mlipuko ukafuata mlipuko, chuma kikirushwa juu kama mlima wa moto. Hakuna aliyeweza kukisogelea ili kuufunga upepo. Baada ya dakika kama kumi moto ukatulia wenyewe, na chuma kilichomiminwa kikawa si ghafi tena. Kazi iliyochukua siku nyingi imekwisha katika muda wa nusu saa.

Mwezi wa Agosti 1856 alisoma habari hizo mbele ya wataalamu waliokutana Cheltenham. Nchi nzima ikamsifu. Katika muda wa majuma machache wenye viwanda walimlipa paundi 27,000 ili wapate ruhusa ya kutumia njia yake. Kisha wakarudi viwandani mwao, wakajaribu, na chuma chao kikatoka kibovu. Kikipigwa kikiwa baridi, kilivunjika kama biskuti. Magazeti yaliyomsifu yakamgeuka, na waliomlipa wakamwona mdanganyifu. Jina lake likaanguka upesi kuliko lilivyopanda.

Hapo ndipo nimpendapo Bessemer. Hakujificha. Alitumia miaka miwili na fedha nyingi kutafuta sababu, na sababu ilikuwa ndani ya mawe. Chuma alichokitumia katika majaribio yake ya kwanza kilitoka Blaenavon, Wales, na kwa bahati tu kilikuwa na fosforasi kidogo sana. Mawe mengi ya Uingereza yana fosforasi nyingi, na hewa yake haikuweza kuitoa. Fosforasi kidogo tu yatosha kukifanya chuma kipasuke kikiwa baridi. Bessemer akaacha mawe hayo, akatumia chuma safi kutoka Sweden na kutoka migodi michache ya kwao. Mwaka 1858 Msweden Göran Göransson akafaulu kwa njia hiyo hiyo huko kwao.

Palikuwa na shida ya pili. Hewa ikipulizwa kupita kiasi, oksijeni hubaki ndani ya chuma na kukiharibu. Aliyeondoa shida hiyo ni Robert Mushet, ambaye aliongeza chuma chenye manganizi mwishoni mwa kazi. Manganizi hushika ile oksijeni, na pamoja nayo hurudishwa kaboni kwa kipimo kinachotakiwa. Mwaka 1857 reli ya chuma cha Mushet ilitandikwa katika stesheni ya Derby, mahali ambapo reli za chuma laini zilikuwa zikibadilishwa kila miezi sita. Baada ya miaka sita ilikuwa ingali nzima, na treni 700 hivi zilikuwa zikiipita kila siku.

Kwa kuwa wengine hawakumwamini tena, Bessemer alijenga kiwanda chake mwenyewe mjini Sheffield mwaka 1858, akakifanya chombo chake kiweze kuinamishwa kama birika, akaanza kuuza chuma cha pua kwa bei ndogo. Wenye viwanda waliomcheka wakaona biashara inawaponyoka, wakarudi kumlipa. Bei ya chuma cha pua ikashuka kutoka paundi 40 mpaka 6 au 7 kwa tani. Reli, meli, madaraja na mitambo ya mvuke vikaanza kutengenezwa kwa chuma hicho, na Bessemer akapata zaidi ya paundi milioni moja.

Lakini Mushet hakupata kitu, maana haki yake ya uvumbuzi ilikwisha kwa kukosa kulipiwa ada. Alikuwa mgonjwa na mwenye madeni. Mwaka 1866 binti yake Mary, mwenye umri wa miaka 16, alisafiri peke yake mpaka London, akamkabili Bessemer na kumweleza kwamba utajiri wake umesimama juu ya kazi ya baba yake. Bessemer hakukubali kwamba sheria inamdai, lakini tangu hapo alimlipa Mushet paundi 300 kila mwaka. Wengine husema alifanya hivyo kwa huruma, wengine kwa kuogopa kesi. Mimi naona yule msichana alifanya kazi ambayo wanasheria wengi wangeshindwa kuifanya.

Wala utajiri haukumzuia kushindwa tena. Kwa kuwa alisumbuliwa sana na kichefuchefu cha baharini, alitengenezesha meli yenye chumba kinachobembea ili abiria wasitikisike. Mwaka 1875 meli hiyo iliigonga gati ya Calais, na huo ukawa mwisho wake.

Fosforasi nayo iliendelea kumshinda, mpaka akatokea kijana Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama London, aliyesoma kemia jioni baada ya kazi. Pamoja na binamu yake Percy Gilchrist, mkemia wa Blaenavon, alijenga ndani ya chombo cha Bessemer ukuta wa mawe ya jamii ya chokaa na kutia chokaa humo. Chokaa hushika fosforasi na kuiingiza katika ile taka ambayo wahunzi huiita mavi ya chuma. Mwaka 1879 njia hiyo ilifaulu mbele ya macho ya watu. Ajabu ni kwamba mavi yale ya chuma, yakisagwa, ni mbolea nzuri sana kwa sababu ya fosforasi yake. Thomas alikufa mwaka 1885, akiwa na miaka 34 tu.

Wasomaji wa Tororo nadhani wamekwisha kuona ninakoelekea. Vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo, vina mawe ya chuma, na vimejaa fosforasi. Ni fosforasi hiyo iliyotengenezewa mbolea katika miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 2018 kilifunguliwa huko kiwanda kingine cha mbolea. Na Tororo hiyo hiyo ina mawe ya chokaa ambayo saruji yake imejenga nchi tangu miaka ya 1950. Ugonjwa uliomwangusha Bessemer mwaka 1856 umo katika vilima vyetu, na dawa aliyoigundua Thomas imo pale pale jirani. Mtu asiyejua kemia akiyatazama mawe ya Sukulu ataona chuma tu, au ataona mbolea tu.

Chuma cha bei rahisi hakikuja huku bila gharama. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Njia nyingine ikapita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Treni zilileta majembe ya viwandani kwa wingi, na Msamia aliyetumia siku nyingi kupata bonge moja la chuma hakuweza kushindana na bei ya dukani. Matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Watu wengine husema yalizimika kwa sababu wahunzi wetu hawakujua kitu. Nakataa. Mafundi wa Sheffield waliotumia vyungu vidogo nao walipoteza kazi zao, na hakuna awaitaye wajinga.

Sir Henry Bessemer alikufa London tarehe 15 Machi 1898, akiwa na umri wa miaka 85. Chombo chake cha mwisho nchini Uingereza kilizimwa Workington mwaka 1974, lakini viwanda vikubwa vya leo vingali vyafuata wazo lake, ila hutumia oksijeni tupu badala ya hewa.

Katika shule yetu wapo wanaodhani kwamba mwenye akili hakai karakanani, na wapo wa karakanani wanaodhani kemia haiwahusu. Bessemer alikuwa na mikono hodari, lakini mikono hiyo haikumwambia fosforasi ni nini. Ilimlazimu aulize, alipe, na angoje wengine. Thomas alikuwa na vitabu vya jioni, lakini bila tanuri la binamu yake vingebaki vitabu. Ndugu zangu wanafunzi, tusitenganishe mambo haya mawili.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlioko kwenye saruji, kwenye reli, au kwenye mbolea ya Sukulu, twaomba mtuandikie katika gazeti hili myajuayo. Na yeyote ambaye bado ana mzee aliyeona tanuri la Samia likiwaka, au aliyesimuliwa na baba yake, amwulize sasa: walichanganya mawe gani, walitumia makaa ya mti gani, na walikizimaje chuma chao. Jembe la babu yangu haliwezi kutujibu peke yake.